Shabiki Aliyezika Timu ya Shemeji Yake

Jamani watu wa Likoni, na nyinyi wa Kisauni mnaojifanya hamsikii, hebu wekeni simu chini kidogo. Nina kisa cha Mbwana fundi cherehani. Mkikimaliza, mtazitazama jezi zenu kwa jicho jengine.

Nyumbani kwa Mbwana, nyuma ya soko la Likoni, palikuwa pahali pa raha. Mkewe, Mwanasaumu, akipika huku akiimba kwa sauti ya chini, harufu ya iliki ikitoka uani mpaka njiani. Mbwana mwenyewe alikaa barazani na cherehani yake, akishona namba mgongoni mwa jezi za buluu za Nyangumi, timu ya Likoni. Wanaume walimzunguka wakimsikiliza, midomo wazi kama changu wa sokoni.

"Mpira wa Ulaya?" Mbwana alikuwa akiwaambia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Lile ni duka, ndugu zangu. Jezi yabadilishwa kila msimu ili uinunue upya. Kipa afundishwa kupiga pasi, kudaka hajui! Na huyo refa wa video ndiye kaniondolea hamu kabisa. Mtu afunga, ashangilia, akumbatiwa, kisha aambiwa ngoja kwanza tupime ukucha wa mguu. Furaha gani hiyo ya kuombewa ruhusa?"

"Wallahi Mbwana, wewe ungekuwa kocha," akasema Menza, muuza samaki, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameuza hata dagaa kwa ajili ya kumsikiliza.

"Nipeni timu ya taifa kwa msimu mmoja tu. Mtalia, na si kwa huzuni."

Msimcheke Menza. Mbwana aliujua mpira kwa namna ya kutisha. Mwulizeni yeyote aliyekuwa uwanjani siku Nyangumi walipocheza na Kokoto, timu ya Bamburi. Mpiga kona alikuwa bado anapanga mpira wake. Mbwana akasimama, akanyoosha kidole: "Obeid, nguzo ya mbali! Beki amesinzia!" Kona ikapigwa. Mpira ukapanda, ukakata jua, ukashuka taratibu kama unaotafuta mtu wake. Obeid akachomoka nyuma ya watu, akaruka, akakaa hewani mpaka watu wakasahau kwamba binadamu hushuka. Kichwa! Wavu! Uwanja ukazizima. Na nusu ya watu hawakumtazama Obeid. Walimgeukia Mbwana, wakimwangalia kama mtu aliyeitungua mvua.

Laiti sifa zingeishia hapo.

Huku kwetu, na mwajua vyema, timu ikifungwa huzikwa. Kokoto walipolala siku ile, Mbwana alitengeneza jeneza la maboksi, akalishonea sanda kwa mkono wake, mshono mzuri kuliko wa kanzu za Idi. Vijana wakalibeba mabegani, wakavuka nalo feri huku wakilia kilio cha uongo, abiria wakivunjika mbavu. Wakaenda nalo moja kwa moja hadi Bamburi, mlangoni kwa Bassam, kiongozi wa mashabiki wa Kokoto. Bassam huyo ni kaka yake Mwanasaumu. Ndiyo, shemeji mtu!

Aliyefungua mlango ni mama yao, Bi Sheikha, mzee ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Alicheka kidogo, akawatolea wote maji ya ukwaju. Kisha akamshika Mbwana mkono.

"Mwanangu, chekeni, lakini msiba msiufanye mchezo. Wa kweli ukija, mtaujuaje?"

"Mama, wa kweli hauji na tarumbeta!" Mbwana akajibu, na kicheko kikalipuka njia nzima.

Bassam alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mikono kifuani. "Cheka, shemeji. Siku yenu ikifika nitakulilia matanga mpaka wewe mwenyewe uvae kanzu uje kuzika. Utaapa ni ya kweli."

Siku yao ilifika. Mechi ya marudiano ilichezwa Bamburi, Jumamosi, na Nyangumi walifungwa mabao ambayo sitayataja kwa heshima ya wazee wa Likoni. Mbwana alirudi nyumbani sauti imekauka. Alimkuta Mwanasaumu mlangoni akimsubiri na ujumbe wa mama yake mdogo.

"Mbwana, Halati Fairuz alipita hapa. Asema mama hali yake si nzuri, na ataka kuniona. Kesho nipeleke."

"Kesho? Kesho tupite Bamburi tukiimbiwa? Waache wapoe kwanza. Tutaenda wiki ijayo."

"Mimi naenda kwa mamangu, siendi kwa Kokoto."

"Na wewe ni mke wa nani? Watakuimbia wewe wakinikusudia mimi. Wiki ijayo, inshallah."

Mwanasaumu akageuka, akaingia jikoni. Simu yake mwenyewe ilikuwa imeharibika, iko kwa fundi, na ya Mbwana hakutaka kuiomba, hivyo hakuweza hata kumpigia mama kumsikia sauti. Alikubali kwa shingo upande, akalala.

Jumapili asubuhi, Mbwana akinywa chai, simu yake ikalia. Bassam. Mbwana akaitazama kama anayetazama nyoka kiatuni. Akaipokea.

"Mbwana," sauti ilikuwa nzito, inakatika. "Mama hatunaye. Katutoka alfajiri."

Mbwana akaweka kikombe chini. Taratibu, tabasamu likamtambaa usoni. Moyoni akasema: Nyie! Huyu kaanza matanga yake mapema! Na kilio kizuri hivi, kajifunza wapi?

"Poleni sana," akasema, akiibana sauti. "Marehemu mwamzika na jezi au bila jezi?"

Bassam akayapita maneno hayo.

"Mbwana, sikiza. Twamzika baada ya Adhuhuri. Nambia dadangu. Nakuomba."

"Nitamwambia! Tutakuja na tarumbeta!" Mbwana akaangua kicheko, akakata simu, na kabla haijalia tena akaizima kabisa. Alimjua Bassam. Angepiga mchana kutwa.

"Ni nani?" Mwanasaumu akauliza kutoka uani.

"Ndugu yako. Ushindi umempanda kichwani."

"Hakusema chochote cha mama?"

Hapa, jamani, ndipo ninapojiuliza kila siku. Neno moja tu lingetosha. Mbwana alifungua kinywa, akaona akimwambia mkewe huo mzaha atamtia hofu bure, akakifunga.

"Hakusema kitu."

Asubuhi ikapita. Cherehani ikalia barazani, mahamri yakaliwa, mawaidha juu ya beki wa kulia wa Nyangumi yakatolewa. Adhana ya Adhuhuri ikasomwa, watu wakaswali. Ndipo jirani yao Mwanatabu akaingia mbio, buibui limekaa upande, macho mekundu.

"Saumu! Bado uko hapa? Mbona hujaenda mazikoni?"

"Mazikoni kwa nani?"

Mbwana akacheka. "Hata wewe, Mwanatabu? Kokoto wamekupa nini?"

Mwanatabu akamshika Mwanasaumu mkono, akamwambia ni mama yake. Kisha akamtazama Mbwana, na katika mtazamo ule Mbwana akaielewa simu ya asubuhi. Kicheko kikamkatika kama uzi.

Kivuko siku ile kilikwenda polepole kuliko siku zote, au ndivyo Mbwana alivyoona. Mwanasaumu alisimama mbele kabisa, ameshika chuma. Mumewe alipomgusa bega alisogea hatua moja, na hatua ile ilikuwa pana kuliko bahari waliyokuwa wakiivuka.

Walipofika Bamburi, ua ulikuwa umejaa wanawake. Kitanda alichooshewa mama kilikuwa kimeegemezwa ukutani, bado chatona maji. Jeneza lilikuwa limekwisha toka. Halati Fairuz akamkumbatia Mwanasaumu.

"Tulikungoja, mwanangu. Watu wote wamemuaga, tukaacha uso wazi kwa ajili yako. Bassam alipiga simu mpaka kidole kikachoka. Imamu akasema haifai kumchelewesha zaidi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mpaka roho yamtoka alikuwa akiuliza, Saumu kafika?"

Mbwana aliyasikia maneno hayo akiwa mlangoni. Akageuka, akakimbia kuelekea makaburini.

Na huko njiani aliona jambo ambalo mpira haukuwahi kumwonyesha. Njia nzima ilikuwa watu. Kwa mbali jeneza lilikuwa likielea juu ya vichwa, likienda mbio bila kutikisika, bega likipokea kutoka kwa bega, mkono ukimwachia mkono. Hakuna aliyeamrisha, na hakuna aliyekosea nafasi yake. Akatazama nyuso. Ni Kokoto! Wote wale aliowaita wafu, aliowashonea sanda, ndio waliokuwa wamemchimbia mama yake mkwe kaburi tangu asubuhi, udongo bado uko kwenye viganja vyao. Hata Obeid wa Nyangumi alikuwemo, habari imemfikia msikitini. Mbwana, bingwa wa maneno, alisimama tu, machozi yakimtoka, akistaajabu jinsi watu wengi hivi walivyoweza kuwa kimya hivi.

Bassam alikuwa mbele, ameshika mti wa jeneza. Akamwona. Watu wakangoja ngumi. Bassam akasogea kidogo, akamwachia nafasi ya bega moja.

"Beba," akasema. "Alikupenda."

Mbwana akabeba. Wanasema waliokuwepo kwamba hakuna aliyelia siku ile kama yeye.

Jioni alimfuata mkewe. Mwanasaumu alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake, akatoka hadi ukumbini, akasimama mbali.

"Nisamehe, Saumu. Nilidhani ni mzaha."

"Najua ulidhani ni mzaha." Sauti yake haikupanda. "Jana nilikuomba unilete, hapakuwa na mzaha. Ulikataa kwa sababu ya mabao. Leo nilikuuliza kama amesema chochote cha mama. Ukasema hakusema kitu. Rudi Likoni, Mbwana. Mimi sirudi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikikuona nisimkumbuke mama akiniuliza kama nimefika."

Mbwana alirudi peke yake. Hadi leo anashona, na wateja anao. Ila mtu akianza habari za mpira barazani kwake, huinuka, akaingia ndani.

Mafunzo

Ndugu zangu, ushabiki ni mtamu na sikatazi mtu kushangilia. Mimi mwenyewe Nyangumi wakicheza sishikiki. Lakini timu isiingie baina yako na wazazi, wala baina ya mke na kwao. Mgonjwa akikuita, nenda siku hiyo hiyo, hata kama njia nzima itakuzomea. Habari ya mtu ifikishe kwa mwenyewe, usimchagulie ya kusikia na ya kutosikia. Na kifo tusikifanyie utani, kwa sababu mechi hurudiwa msimu ujao, na mama aliyekwenda na swali mdomoni hatarudi kujibiwa.