Simu Mbovu kwa Beseni Jekundu

"Simu iko wapi?!"

Mume wangu alikuwa amepiga magoti sakafuni. Droo ya kabati ameipindua juu chini, chaja, betri na funguo za zamani zimetapakaa kila mahali. Jasho linamtiririka.

"Simu gani, baba watoto?"

"Ile nyeusi! Iliyopasuka kioo!"

Nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka, jamani.

"Ile mbovu? Si nilimpa yule mzee wa vyuma chakavu! Akanipa beseni."

"Beseni...?"

"Ndiyo, jekundu. Liko uani, nimeloweka mashuka ya watu."

Mume wangu akajishika kichwa kwa mikono miwili. Akalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje.

"Umetuua! Mke wangu umetuua! Sarafu zetu zote zilikuwa kwenye ile simu!"

Nikakaa chini palepale, katikati ya zile chaja...

Subirini kwanza niwaeleze, maana najua wengine mmeshaanza kunitukana.

Mimi ni dobi. Nafua nguo za watu kwa mikono hii hii mpaka vidole vimebabuka kwa sabuni. Marehemu mama aliniachia kiwanja kidogo kando ya barabara, maji yapo, umeme upo. Ndoto yangu ilikuwa moja tu: nijenge chumba pale, niweke mashine za kufulia, na mgongo wangu nao upumzike.

Mume wangu ni karani kwenye duka la rangi. Mtaani wanamwita Profesa, kwa sababu hakuna jambo asilolijua. Mwaka jana akaja na wimbo mpya. Sarafu za kidijitali!

"Mama watoto, hela za karatasi zimezeeka. Kesho dunia nzima italipana kwa sarafu za mtandaoni. Benki zitageuzwa maghala ya viazi!"

"Na mimi nisiyejua kuzitumia je?"

"Ndiyo raha yake! Hakuna benki, hakuna wakala, hakuna mtu wa katikati wa kukukata ada. Ni wewe na hela yako. Halafu kila kitu kipo wazi, hakuna wizi."

Akanitumia linki kwenye simu yangu.

"Hiyo ndiyo pochi yetu. Ukibonyeza hapo, unaona kila kinachoingia na kila kinachotoka. Hata mimi siwezi kukuficha kitu."

Sikubonyeza. Mume wangu ameshasema, nibonyeze nini tena?

Mdogo wangu anauza simu dukani, mambo haya anayajua. Akaniambia, "Dada, sarafu zenyewe si mbaya, wapo waliofaidika. Lakini leo zinapanda, kesho zinaporomoka. Na mwenye funguo, yaani yale maneno ya siri ya kufungulia pochi, ndiye mwenye mali. Usitie kiwanja cha mama humo."

Nikaona ana wivu. Nikauza kiwanja, hela yote nikamkabidhi Profesa.

Na kweli zikapanda! Kila jioni ananisomea kwenye ile simu nyeusi. "Mashine mbili hizo... mashine tatu hizo!" Nikawa nafua huku naimba.

Simu ikaja ikaanguka, kioo kikapasuka, ikazima. Profesa akaitupia kwenye droo. Mimi nikajua keshahamia kwenye simu yake mpya na kila kitu chake. Siku moja akafungua ile droo akasonya.

"Uchafu gani huu? Yule mzee wa mabeseni akipita, mpe takataka zote hizi."

Nikampa. Ndiyo maana siku ile ya kilio nikajaribu kujitetea.

"Si wewe uliyesema nitoe takataka?"

"Nilisema takataka! Utajiri wetu ni takataka?!"

Nikavaa kandambili, nikatoka.

Nilimtafuta mzee wa vyuma chakavu mpaka nikamkuta ghalani kwake. Akanihurumia kweli. "Mama, simu mbovu zikifika hapa hazilali. Zinapondwa siku hiyohiyo. Pole sana."

Basi nikawa gumzo la mtaa. Wifi yangu akaanza kuniita Mama Beseni. Mama mkwe akasema tangu azaliwe hajaona mwanamke wa kubadilisha utajiri kwa plastiki. Nikampigia mume wangu magoti mbele ya ndugu zake wote.

Akaninyanyua. "Nimekusamehe," akasema, macho yakimlengalenga.

Alinisamehe, jamani! Yule mtu ALINISAMEHE!

Mdogo wangu ndiye aliyekuja kuniuliza, "Dada, ile linki bado unayo?"

Akabonyeza. Akatazama. Akarudia kubonyeza.

"Nini?"

"Pochi ni tupu."

"Si simu ilipondwa?"

"Simu ikipondwa sarafu zinabaki palepale, hakuna wa kuzigusa. Hizi zimehamishwa, dada. Soma tarehe."

Nikasoma. Ilikuwa wiki nzima kabla ya beseni.

"Na funguo alikuwa nazo nani?" akaniuliza taratibu.

Nikaichukua simu yangu, nikakaa kumsubiri Profesa.

Jioni ile Profesa alikuwa anakunywa chai. Nikamwekea skrini mbele ya macho. Hata kikombe hakikutikisika.

"Zimehamia kwenye pochi ya nani?" akauliza.

"Yako!"

"Jina langu umeliona hapo?"

Halikuwepo. Ni herufi na namba tu, mstari mzima.

"Basi ni wadukuzi hao," akasema, akaongeza sukari.

Nikaenda polisi. Askari akashika kalamu. "Mtuhumiwa anaitwa nani?" Nikaanza kumsomea zile herufi. Akaiweka kalamu chini. "Mama, huyu nimkamate vipi?"

Nikaenda kwa mama mkwe. Akaikodolea simu macho, akanirudishia. "Mwanangu, mimi hapa naona namba tu. Usimsingizie mtu aliyekusamehe."

Siku hizi nikiamka, kabla sijanawa uso, nabonyeza zile herufi. Kiwanja cha mama yangu kipo kwenye hiyo pochi nyingine, kinazidi kupanda bei. Nakiona. Kukigusa siwezi.

Juzi asubuhi nikaona kipande kimetolewa.

Jioni gari likasimama mlangoni. Wakashusha mashine ya kufulia, mpya, imefungwa utepe! Majirani wakapiga vigelegele.

"Una bahati wewe! Umempotezea utajiri na bado anakuenzi!"

Mama mkwe akanisukuma begani. "Mshukuru mumeo."

Wote wananitazama. Ningesema nini, na ningeaminiwa na nani?

"Asante, baba watoto."

Wapendwa, mimi sizichukii hizi sarafu. Huenda kweli kesho dunia nzima itazitumia. Zenyewe hazikunidanganya hata mara moja, zilisema ukweli wote na tarehe yake. Lakini mtu akikusifia kwamba hakuna mtu wa katikati, muulize: siku nikiibiwa na ninayelala naye, nitamlilia nani? Na funguo za mali yako zishike mwenyewe, hata kama unampenda.

Sasa hivi niko uani, nafua kwenye beseni jekundu. Mashine iko sebuleni na utepe wake. Profesa ametoa kichwa dirishani kuniuliza mbona siiwashi.

Nimemwambia umeme umekatika. Nyuma yake televisheni inaendelea kuongea, na yeye amenyamaza.