Benki Iliyopiga Simu

Apolonija alikuwa jikoni akionja supu ya kabichi chachu. Mumewe, Štefan, aliingia na simu mkononi, uso umemchangamka.

“Mke wangu, tumeangukiwa na neema,” alisema. “Riba ya asilimia tisa kwa mwaka! Benki yetu ya kule mjini inatupa nini? Makombo.”

Fedha alizozisema zilitokana na msiba. Wadudu walikuwa wameshambulia msitu wao wa misonobari pale Koroška, kaskazini mwa Slovenia. Mti mmoja ulikauka, kisha kumi, kisha mlima mzima. Walilazimika kukata miti yote na kuuza mbao. Walipata yuro elfu arobaini na mbili. Hizo ndizo zingepanda msitu upya na kuwalinda uzeeni. Hawakuwa na nyingine.

“Nani anatoa hiyo asilimia tisa?” Apolonija aliuliza.

“Benki ya Almstad, ya Uholanzi. Bwana Renner amenipigia siku tatu mfululizo. Nafasi inafungwa Ijumaa.”

“Unamjua huyo Renner?”

“Nitamjuaje? Lakini ana adabu. Ananiita bwana Štefan.”

“Hata mwizi wa kuku hupita akisalimia.”

“Ah, wewe nawe! Uholanzi si mwezini. Ni Umoja wa Ulaya, kama sisi. Benki yao ina leseni na bima. Ameniambia mwenyewe.”

Apolonija aliendelea kukoroga supu. Lakini usiku ule usingizi ulimpaa.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ambayo gari la maktaba husimama mbele ya kanisa. Mkutubi wake, Breda, ni mama mcheshi ambaye huwasaidia watu hata kujaza fomu za pensheni. Apolonija alirudisha vitabu, kisha akamweleza habari ya Renner. Štefan alisimama mlangoni, amenuna.

“Mimi si mtu wa benki,” Breda alisema. “Lakini mwezi uliopita tulipewa mafunzo ya jambo hili hili. Mzee Štefan, ingia. Baridi haina faida.”

Štefan aliingia.

“Kila nchi ya Umoja ina mamlaka ya kusimamia benki,” Breda alieleza. “Wasimamizi hukagua kama benki ina mtaji wa kutosha, na kama inatunza vizuri fedha za watu. Kwa nchi zinazotumia yuro, benki kubwa husimamiwa pia na Benki Kuu ya Ulaya. Wote hao hupeana habari. Benki ikipata leseni katika nchi moja, inaweza kufuata utaratibu ikahudumia watu wa nchi nyingine za Umoja.”

“Si nilisema!” Štefan alidakia.

“Ulisema kweli. Na bima ya amana ipo. Benki yenye leseni ikianguka, kila mteja hulindwa hadi yuro laki moja katika benki hiyo. Lakini sikiliza, mzee. Bima hiyo hulinda fedha zilizoingia benki ya kweli. Ukimpa tapeli, hakuna benki iliyoanguka. Umeanguka wewe.”

Alifungua kompyuta na kuingia kwenye daftari la mtandaoni la benki zenye leseni. Akaandika Almstad. Jina likatokea.

Štefan alipiga paja kwa furaha. “Haya! Mmeona? Wanawake wawili mnanitia kiwewe bure!”

Moyo wa Apolonija ulizama. Je, alikuwa amemwonea mumewe?

“Bado,” Breda alisema. “Nipe namba aliyokupigia. Nipe na anwani ya tovuti yake.”

Walilinganisha. Namba haikuwa ile ya kwenye daftari. Anwani ya tovuti ilifanana sana, ila ilizidi herufi moja.

“Tapeli huiba jina la benki nzuri na kulivaa kama koti,” Breda alisema. “Usimpigie kwa namba aliyokupa. Tutapiga ile ya kwenye daftari.”

Alipiga, akaweka sauti juu. Alizungumza Kijerumani, lugha waliyoelewana, na mwanamke mmoja upande wa pili, kisha akawafasiria.

“Anasema hawana mfanyakazi anayeitwa Renner. Hawapigii watu simu hivyo, na hawapokei wateja wa Slovenia. Anatushukuru kwa kuwaarifu.”

Štefan alikaa juu ya kikasha cha vitabu.

“Polona,” alisema polepole, akimwita mkewe kwa kifupi cha jina lake, “kesho asubuhi ningezituma zote.”

Apolonija alimshika bega. “Hukuzituma. Hilo ndilo la kushukuru.”

Siku hiyo hiyo walitoa taarifa polisi na kwa mamlaka ya Slovenia inayosimamia masoko ya fedha. Breda aliwasaidia kuandika. Fedha waliziweka katika benki ya mjini, baada ya Štefan mwenyewe kuitafuta kwenye daftari. Riba ilikuwa ndogo. Hakulalamika tena. Majira ya kuchipua yalipofika, walipanda miche ya mialoni na miti mingine ya majani mapana, si misonobari mitupu, maana wadudu nao walikuwa wamewafundisha.

Kabla ya hapo, mamlaka ilikuwa imetoa onyo la hadharani kuhusu tovuti ile, na kuwaarifu wasimamizi wenzao katika nchi nyingine. Breda alilichapisha na kulibandika kwenye mlango wa gari la maktaba.

Jumatano moja walimkuta mama mmoja wa kijiji cha pili amesimama mbele ya karatasi ile. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

“Renner!” alisema. “Nilikuwa nakwenda kumtumia fedha za nyumba ya marehemu mama yangu. Nani alitoa taarifa hii? Nataka nimbusu.”

Štefan hakuwa amemsimulia mtu yeyote kijijini. Aibu ilikuwa imemfunga kinywa. Sasa alivua kofia.

“Ni sisi,” alisema. “Lakini mbusu mke wangu. Mimi nilikuwa upande wa Renner.”