Nani Aligusa Kinasa Vipindi?

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, msichana mmoja wa darasa la sita alishuka ngazi za ghorofa tatu mbio kwenda kumnunulia baba yake gazeti. Akirudi, baba alipewa kurasa zote isipokuwa mmoja. Ukurasa wa vipindi vya runinga ulikuwa mali yake. Aliukata kwa mkasi, akaubandika nyuma ya mlango wa sebule, kisha akapigia mstari mwekundu vipindi ambavyo watu wa nyumbani hawakutaka viwapite: taarifa ya habari ya baba, tamthilia ya mama, mpira wa kaka. Hata majirani walimsimamisha kwenye ngazi kumwuliza kipindi fulani kinaanza saa ngapi, naye aliwajibu papo hapo bila kutazama popote. Ndiyo maana jengo zima lilimwita Ratiba, na jina lake la shuleni likabaki shuleni.

Basi siku mjomba wake, ambaye ni fundi wa redio, alipokuja na kinasa vipindi, Ratiba hakukipenda tangu kilipotolewa kwenye boksi. Kilikuwa kisanduku cheusi chenye taa moja nyekundu na saa ya tarakimu. Mjomba alikuwa amejipatia kipya, akaona hiki awape wao. Alieleza kwamba unachagua siku na saa, basi. Kitawaka chenyewe, kitarekodi chenyewe na kujizima chenyewe, hata kama nyumbani hakuna mtu. Akaongeza kwa kicheko kwamba sasa hata gazeti wataacha kununua. Wote walicheka. Ratiba aliinuka, akaenda chumbani, na maelezo mengine yote ya mjomba yakampita.

Kuanzia hapo alikitazama kile kisanduku kwa jicho la pembeni. Gazeti ulilishika mkononi, ukasoma, ukajua. Kisanduku hiki kilijifanyia mambo yake kimyakimya, na ile taa haikuzimika mchana wala usiku. Kinajuaje saa? Nani amekiambia? Na kama kinajua kila kitu, mbona mjomba amekubali kuachana nacho kirahisi hivyo? Baba naye alikipokea shingo upande. Yeye alikuwa fundi cherehani, na alisema hajawahi kuona kazi nzuri inayofanyika bila mtu kuisimamia. Kaka peke yake ndiye aliyefurahi. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mlinda mlango wa timu ya mtaa, na alisoma kijitabu cha maelezo mpaka kikalegea. Mama alikifunika kisanduku kwa kitambaa cha kufuma kisiingie vumbi.

Wiki ya tatu likatokea jambo lililoifanya nyumba nzima ikitegemee.

Mama alikuwa fundi wa pampu kwenye mtambo wa maji wa mji. Watu wa runinga walikuwa wamekwenda kazini kwao na kumpiga picha akifungua pampu kubwa kuliko zote, ovaroli imelowa mafuta, spana mkononi. Sasa walimpigia simu: kipindi kitaonyeshwa Jumatano, saa kumi alasiri. Saa hiyo mama angekuwa zamu, baba dukani, watoto shuleni. Na kulikuwa na bibi. Bibi, mzaa mama, alikaa mbali, mwendo wa nusu siku kwa basi, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuikubali kazi ya binti yake. Alisema ni kazi ya kuchafuka, na kwamba binti aliyesoma angeweza kukaa ofisini. Mama hakubishana naye, ila aliposikia kuhusu kipindi alimwalika aje Jumamosi. Hakusema kwa nini. Kila mtu alielewa.

Jumatatu kaka alikitega kisanduku, akahakikisha mara tatu. Ratiba alisimama mlangoni akimtazama, na mashaka yakamjaa. Itakuwaje kama kisanduku kitasahau? Itakuwaje kama mjomba alikitoa kwa sababu ni kibovu?

Jumanne alirudi kutoka shule mapema, nyumbani hakuna mtu. Aliona hiyo ndiyo nafasi ya kukijaribu. Alifunua kitambaa, akachomoa waya ukutani, akahesabu mpaka ishirini, akaurudisha. Taa nyekundu iliwaka tena, lakini saa ya kisanduku ikawa sufuri tupu, zinawaka na kuzimika. Mara akasikia hatua kwenye ngazi. Ilikuwa saa kumi na nusu, na kichwani mwake saa kumi na nusu iliandikwa kama gazeti linavyoiandika: 10:30. Alibonyeza vitufe harakaharaka mpaka tarakimu hizo zikatokea, akatazama kama siku na kipindi vilivyotegwa bado vipo, akaviona vipo, akafunika kitambaa. Hatua zilipita kuelekea ghorofa ya juu. Ratiba alishusha pumzi. Alijiambia kwamba amerudisha kila kitu kama kilivyokuwa, kwa hiyo hakuna haja ya kumwambia mtu.

Jumamosi bibi alifika akiwa amechoka, akapewa kiti kilichoelekea runinga. Majirani wawili walialikwa pia: muuguzi wa ghorofa ya chini na mzee fundi viatu wa mlango wa pili. Mama alikuwa amevaa gauni lake zuri, na mikono yake, iliyozoea kushika vyuma, haikujua ikae wapi.

Saa nane mchana kaka alibonyeza rimoti. Wakatokea wachezaji ishirini na wawili wakikimbizana uwanjani.

Kaka alibonyeza tena. Mpira. Akapeleka mbele, akarudisha nyuma. Mpira tupu, saa nzima, wala hakukuwa na kitu kingine cha siku ile.

Bibi aliuliza kwa upole kama mama naye siku hizi anacheza mpira. Fundi viatu alikohoa. Mama alicheka kidogo, akasema si neno, akaenda jikoni kutazama chai ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa. Ratiba alimwona akisimama kule amewapa mgongo.

Baba alimgeukia kaka. "Ulibadilisha ukarekodi mpira?"

"Hapana, baba. Nilitega kipindi cha mama. Niliangalia mara tatu."

"Nani mwingine amekigusa?"

Ratiba alihisi macho ya baba yakipita usoni pake. Angeweza kusema wakati ule. Badala yake mdomo wake ulifunguka ukatoa maneno ambayo hakuwa ameyapanga: "Kaka ndiye anayeshika rimoti kila siku. Na mpira ni wake."

Halikuwa jambo la uongo, neno kwa neno. Lakini lilitosha. Muuguzi alitikisa kichwa kwa masikitiko. Baba alisema kwamba mtu anayethamini mpira kuliko mama yake hatatoka kwenda kucheza leo. Timu ya mtaa ilikuwa na mechi saa kumi, mechi waliyoingoja mwezi mzima. Kaka alimtazama Ratiba, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Majirani waliaga. Bibi akajinyoosha kidogo, mama akabaki jikoni.

Sebule ilipobaki tupu, Ratiba alikwenda nyuma ya mlango kwenye ukurasa wa wiki ile, ambao alikuwa hajaubandua. Alitaka apate uthibitisho kwamba kaka ndiye. Alitafuta mpira siku ya Jumatano. Ulikuwepo mara moja tu, wa marudio, saa nne usiku. Saa nne usiku kaka huwa amelala. Lakini kisanduku hurekodi hata watu wakilala, kwa hiyo bado angeweza kukitega. Alirudi kwenye kisanduku, akafunua kitambaa.

Saa ya kisanduku ilionyesha 9:05. Ni sawa, alijisemea, ni saa tisa na dakika tano. Halafu akatazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tatu.

Kando ya kisanduku kulikuwa na kijitabu cha maelezo, na juu ya jalada kaka alikuwa ameandika kwa kalamu: "Hiki kinahesabu saa kuanzia katikati ya usiku. Saa kumi alasiri, andika 16." Ratiba alihesabu kwa vidole. Kutoka kumi kufika kumi na sita ni sita. Kisanduku kilikuwa nyuma kwa saa sita. Kilingoja kama kilivyoamriwa, na saa yake ilipofika kumi na sita, kwa watu ilikuwa saa nne usiku. Mama alikuwa ameshaonyeshwa akamalizika. Kikarekodi kilichokuwepo.

Hakikuwa kibovu. Kaka hakuwa amekosa. Mjomba hakuwa amewapa takataka. Kulikuwa na mtu mmoja tu, na alikuwa amesimama pale na kitambaa mkononi.

Angependa kusema kwamba alikwenda moja kwa moja kwa baba. Hakwenda. Alikaa kwenye kiti na kujieleza moyoni. Hakuna aliyemwona. Angeweza kusahihisha saa sasa hivi na siri ikafa hapo hapo. Kaka angekasirika siku mbili tatu, kisha yangekwisha. Dakika zilipita. Saa kumi ikagonga, na kutoka uwanjani, ng'ambo ya barabara, filimbi ikasikika. Baada ya muda likaja shangwe la kwanza. Baadaye kidogo la pili. Nyuma ya mlango wa chumba, Ratiba alisikia kitanda cha kaka kikilia kila shangwe lilipopanda.

Hapo ndipo alipoinuka. Baba alikuwa kwenye roshani akisoma gazeti. Ratiba alisimama mbele yake akaeleza yote, kuanzia waya alioung'oa Jumanne mpaka maneno aliyoyasema mbele ya wageni. Alipomaliza, baba alikunja gazeti taratibu, akaenda akagonga mlango wa chumba na kusema, "Mwanangu, nimekuonea. Chukua viatu vyako twende."

Waliondoka karibu wanakimbia. Kaka alicheza kipindi cha pili chote na hakufungwa. Lakini timu ilipoteza kwa mabao mawili kwa moja, na mabao yote mawili yalikuwa yameingia yeye akiwa amefungiwa nyumbani. Aliporudi Ratiba alimwomba radhi. Kaka alisema amesikia. Ratiba hakuthubutu kumdai zaidi.

Kilichobaki ni kipindi chenyewe. Ratiba alilitwaa gazeti la siku ile, ambalo kwa pilikapilika za wageni hakuwa amelisoma, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Jumapili, saa nne asubuhi, kwa herufi ndogo: kipindi cha mama, na pembeni neno "marudio". Bibi alikuwa amepanga kuondoka na basi la asubuhi. Alisema basi la mchana lipo.

Kaka alirekebisha saa ya kisanduku, akakitega upya, safari hii Ratiba akiwa kando yake akimsomea saa. Na kwa kuwa baba bado hakukiamini, wote walikaa mbele ya runinga vilevile. Mama alitokea na ovaroli yake. Walimwona akiweka sikio kwenye chuma, akasikiliza, akawaambia vijana watatu waliokuwa naye ni boliti ipi ilegezwe. Pampu ikanguruma. Mtangazaji akaonyesha mabomba ya mji yakianza kutoa maji, nyumba baada ya nyumba, hospitali, shule. Bibi alitazama mpaka mwisho. Kisha akamwuliza mama ile spana kubwa uzito wake kilo ngapi, na aliweza vipi kuinyanyua peke yake. Mama alianza kumweleza, na maelezo yakawa marefu, bibi akiuliza hili na lile.

Bibi alipokwenda kufunga mizigo yake, mama alimwita Ratiba akae karibu naye.

"Pampu ikisimama kazini kwetu," alisema, "swali la kwanza ni nani aliigusa mwisho, na alifanya nini. Atakayesema mapema, tunarekebisha alichokosea, saa moja imekwisha kazi. Akinyamaza, tunafungua mashine nzima bure, tunatuhumiana, na mji unalala bila maji. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea boliti mwaka wangu wa kwanza. Sikufukuzwa, kwa sababu nilisema."

Ratiba aliuliza kama basi wakirudishe kisanduku kwa mjomba. Mama alisema hapana. Kinafaa kwa siku ambazo hawapo nyumbani, na gazeti linafaa kwa kuwaambia kuna nini cha kutazama, na vyote viwili vinahitaji mtu makini.

"Ulikishuku kisanduku, ukamshuku mjomba, ukamshuku kaka yako," aliendelea. "Kushuku si kosa, mwanangu, mradi uchunguze mpaka mwisho, na ujihesabu na wewe humohumo. Sasa niambie. Wale walioondoka hapa jana wakijua kwamba kaka yako ni mtoto mbaya, nani amewaambia kwamba siye?"

Ratiba hakuwa amelifikiria hilo. Alivaa ndala zake akatoka. Alianza na mlango wa pili, kwa fundi viatu, akarudia habari yote bila kupunguza. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asubiri, akatafuta jozi ya zamani ya viatu vya mpira alivyokuwa ameletewa na kaka siku chache nyuma, akasema vimekwisha kushonwa, ampelekee. Ratiba akavibana kwapani, akashuka ngazi hadi ghorofa ya chini, akabisha mlango wa muuguzi.