Bweni Lisilo na Mlezi

Wazazi wenzangu, sogeeni karibu, maana hili linatuhusu sote.

Palikuwa na kinyozi aliyefiwa na mkewe, mcheshi kiasi kwamba hata wenye vipara walikwenda kukaa kitini pake. Binti yake wa pekee, waliyembandika jina la Cheche, alipopata nafasi katika chuo cha ufundi cha bweni, kinyozi alitembea kifua mbele.

"Analala huko, anakula huko, anajifunza kuchomelea vyuma," aliwatambia wateja. "Ulezi nimeukabidhi. Sasa napumua!"

Mwanzoni mambo yalinyooka. Bwenini kulikuwa na mlezi, mama mwenye sauti nzito na moyo laini, ambaye wasichana walimwita Shangazi. Alijua nani hali, nani halali, nani amelia. Msichana asipoonekana karakanani, Shangazi alimfuata kitandani. Hata kinyozi alipigiwa simu na Shangazi.

"Baba Cheche, njoo umwone mwanao. Anakuulizia."

"Nitakuja, mama. Kazi zimenibana."

Hakwenda.

Kisha mkuu wa chuo akamwondoa Shangazi. Wasichana ni wakubwa, alisema, na chuo kinahitaji mashine kuliko walezi. Mashine zikaja, zinang'aa. Mlangoni pa bweni akawekwa mlinzi na kufuli. Wazazi tuliarifiwa, tukanyamaza kimya, kinyozi akiwemo.

Mashine zilikuwa nyingi, lakini kinga za uso zilikuwa haba. Siku moja Cheche alichomelea na kinga iliyopasuka kioo. Jioni macho yakamwaka kama yametiwa mchanga. Akampigia baba yake, ambaye alikuwa na wembe mkononi na mteja kitini.

"Baba, macho yananiuma. Sioni vizuri. Naomba uje."

"Fundi gani anaogopa moto? Vumilia, mwanangu. Huko si kwa mama yako."

Wateja wakaangua kicheko. Naye akacheka, akakata simu.

Mwenzake Cheche wa kitanda cha pili, kwa nia njema kabisa, akamtilia matone ya macho yaliyobakizwa na mgonjwa mwingine. Mlinzi alipoombwa msaada alijibu kwamba yeye kaajiriwa kulinda mlango. Jicho la kulia likatunga usaha. Cheche alipofikishwa hospitali siku kadhaa baadaye, daktari alisafisha, akatibu, lakini muda ulikuwa umepita. Jicho lile halikuona tena, na la pili halikustahimili mwanga wa moto.

Kinyozi akaenda chuoni kwa mara ya kwanza, kumchukua. Alimkuta amekaa juu ya sanduku lake la nguo.

"Shangazi angekuwepo angeniuliza," Cheche alisema taratibu.

"Na mimi je, mwanangu?"

Binti akasimama. Aliinua sanduku, akapapasa ukingo wa mlango, akatangulia.

Ndipo wazazi tulipoamka, tukamwendea mkuu, Shangazi akarudishwa. Wenzake Cheche wamehitimu na wana kazi. Kila siku ya wageni kinyozi hufunga duka, akaenda kuwajulia hali watoto wa wenziwe. Akirudi, Cheche humwandalia chakula. Hamwulizi ameona nini.

FUNZO

Chuo cha bweni hakisimami kwa mashine na kufuli. Husimama kwa mtu mzima anayemjua kila kijana, kwa vifaa vizima vya kazi, na kwa mzazi anayesikiliza. Kumpeleka mtoto chuoni si kumtua begani. Akikuita, nenda.