Tundu la Sita

Fundi Mwinjuma alipiga risasi tano, na watu wakasikia sita.

Wakabishana, maana watu wa Bagamoyo kwa ubishi hawajambo. Salumu muuza samaki, ambaye hakosi penye mambo, alikuwa amehesabu kwa vidole. "Sita, fundi. Wallahi sita." Mwinjuma akamfungulia bastola aone. Matundu matano yalikuwa na maganda ya shaba yaliyoungua. La sita lilikuwa tupu, safi, halijaguswa na moto.

"Mwangwi huo," akasema. "Umegonga minazi ukarudi."

Salumu akaitazama ile minazi. Kila Ijumaa walikuwa papo hapo, na hata siku moja haikuwahi kurudisha kitu.

Mwaka huo ulikuwa wa thelathini na nne. Mwinjuma alikuwa fundi bunduki mwenye karatasi ya boma, akitengeneza magobori ya wakulima wanaolinda mihogo na nguruwe. Hiyo ndiyo kazi iliyowalisha wanawe. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine: bastola kubwa za zamani. Alikuwa nazo nne katika kasha la msaji. Mbili za Kiingereza, zile zinazovunjika shingoni ili kutia risasi. Moja ya Kibelgiji, imeliwa na kutu hata haifai kitu. Na ya nne aliyoipenda kupita kiasi, bastola ya enzi ya Kijerumani, nzito kama mchi, ambayo maganda yake hayatoki mpaka uyasukume kwa kijiti, moja moja. Aliipata Mkange kwa mjane wa askari wa zamani, akambadilishia kwa gobori zima. Akaiita Mdachi. Risasi zake alizitengeneza mwenyewe kwa kuyeyusha chubwi, vile vizito vya mishipi ya wavuvi, na kila Ijumaa baada ya sala alikwenda shambani kupiga vifuu vilivyopangwa juu ya gogo.

Sasa, kila anayezijua bastola hizo anajua kwamba tundu moja huachwa tupu, lile lililo chini ya nyundo, ili bastola ikianguka isimtoboe mtu mguu. Wiki moja kabla, Salumu alimwuliza mbona anatia tano na matundu ni sita. Angejibu hivyo tu, yangekwisha. Lakini Mwinjuma akipata watazamaji ulimi wake haukai kinywani. Akaligonga lile tundu kwa ukucha, akasema, "Matano yangu. La sita nimempa jini."

Watu wakacheka. Haya, chekeni! Pwani hii hata mtoto akimpa mwenziwe kipande cha muhogo kisha akakidai, husutwa kuwa anakula matapishi yake. Kutoa ni kutoa. Na Mwinjuma alitoa kwa sauti, mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Nyumbani mkewe Mwanvita alikuwa na mimba ya miezi minane. Yeye ndiye aliyeanza kuisikia ile harufu. Siku ya kwanza ilitoka katika wali alipofunua chungu, harufu ya baruti, na nyuma yake udi, na hapakuwa na mtu aliyefukiza udi. Siku ya pili ilikuwa katika kanga zake. Siku ya tatu, saa saba mchana, wakati mji mzima umelala na hata kuku wamenyamaza, akasikia kitu kinazunguka ndani ya kasha.

Alimngoja mumewe mlangoni.

"Baba Hija," akanong'ona, "nina watoto wangapi?"

"Swali gani hilo? Watano."

"Na huyu?" Akashika tumbo.

Mwanvita akamvuta mkono mpaka chumbani, wakaketi ukingoni mwa kitanda kama wageni, wakasikiliza, na lile kasha lililofungwa kwa ufunguo ambao Mwinjuma alikuwa nao kiunoni likaanza kulia ndani, chuma kikizunguka polepole na kugonga, kikizunguka na kugonga, mara ya tatu, mara ya nne, mara ya tano, kisha kikasita, na pale kiliposita mtoto akaruka tumboni kwa nguvu hata kanga ikainuka, na Mwinjuma akaiona inainuka kwa macho yake mwenyewe.

"Umefanya nini, mume wangu?" Mwanvita alikuwa akilia bila sauti. "Niambie. Umefanya nini?"

Akamwambia.

Kesho yake alfajiri walikwenda Mlingotini kwa Bi Mwanamkasi, mganga ambaye hata masharifu walimwendea kwa siri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Mkae." Akatia ubani chetezoni, akamsikiliza Mwinjuma mpaka mwisho.

"Nilitania, bibi," Mwinjuma akasema.

"Ulitania wewe. Yeye kapokea." Akamtazama Mwanvita tumboni, akaondoa macho haraka. "Ulimpa cha sita, naye anakungoja. Sasa mpe hicho chuma chenyewe, chenye hilo tundu, kiwe badala ya mtoto. Maji yakipwa nenda mpaka yakufike kifuani, ukitupe kwa mkono wako. Hicho hicho, Mwinjuma, si kingine. Ukimpunja atachukua mwenyewe."

Mwanvita akamshika mumewe mkono njia nzima, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele za watu.

Mchana ule Mwinjuma alifungua kasha peke yake. Akamtoa Mdachi, akampangusa kwa mafuta ya nazi, akamviringisha katika kitambaa cheupe. Akasimama. Akaketi tena. Miaka minane alikuwa ametafuta bastola kama ile. Jini anajua nini habari za bastola? Chuma ni chuma, na matundu hata ile ya Kibelgiji inayo sita. Akafungua kitambaa, akabadilisha.

Mwanvita alikuwa ufukweni, akamwona mumewe ndani ya maji mpaka kifuani, akaona kile kitu cheupe kikizama.

"Umeitupa?"

"Nimeitupa."

Basi harufu ikaondoka. Kasha likanyamaza. Mwanvita akajifungua salama, mtoto wa kike mwenye nywele tele, wakamwita Mgeni. Kitovu kilipodondoka, Mwinjuma alikizika mwenyewe nyuma ya jiko, chini ya mche wa mnazi, kikiwa bado na uzi mweusi aliokifungia mkunga, na tangu siku hiyo mche ule ukawa wa Mgeni. Mwinjuma akanenepa kwa furaha. Alikuwa ameokoa vyote viwili, na moyoni alimcheka Bi Mwanamkasi.

Siku ya arobaini mzazi akatolewa nje. Pilau ilikuwa jikoni, wanawake wakiimba uani, Mgeni akipitishwa mikono kwa mikono. Mwinjuma aliingia chumbani kuchukua kofia, ilipata saa saba, na hapo akasikia chuma kikizunguka kashani, kikagonga, kikazunguka, kikagonga, akahesabu mpaka tano huku jasho likimtoka, akangoja kisite kama siku ile, na hakikusita, kikagonga cha sita.

Akafungua kasha. Mdachi alikuwa na joto, ananuka udi. Matundu matano yalikuwa matupu kama alivyoyaacha. La sita lilikuwa na kitu. Akachukua kijiti, akasukuma, kikaangukia kiganjani: kitu kidogo, cheusi, kikavu, kina mchanga wa nyuma ya jiko, na kimefungwa uzi mweusi.

Uani wanawake waliacha kuimba, mmoja mmoja, kisha wote.

"Baba Hija," Mwanvita akaita, kwa sauti ndogo, "njoo umwone mtoto. Namwamsha haamki, na ananuka baruti."