Sufu ya Duilio

Kiti kilikuwa na joto.

Fundi Gesualdo alifungua gereji asubuhi ile kama kila asubuhi, kwa ufunguo uliolala mfukoni mwake. Gari jekundu la mbio lilikuwa limesimama pale pale alipoliacha jana, pua yake ndefu ikiutazama mlango. Akaingiza mkono ndani kutafuta bisibisi aliyoisahau, na kiganja chake kikagusa ngozi ya kiti. Joto. Jua lilikuwa bado halijavuka kilima. Lilikuwa joto la makalio, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi akaenda kuchungulia dirishani.

"Paka," akajiambia.

Lakini paka hatafuni mzizi mtamu. Na gereji ile, iliyozoea kunuka petroli na mafuta ya nyonyo, ilikuwa ikinuka mzizi mtamu, ule unaochimbwa kwenye makorongo ya karibu na bahari, ule ambao Duilio aliutafuna kila aliposhika usukani.

Na Duilio alikuwa amekufa mwaka uliopita.

Alikufa Agosti, katika mashindano makuu, siku ambayo barabara hufungwa, mikokoteni huondolewa, na magari ya mbio hupanda vilima, hupasua vijiji katikati, kisha huteremka tena hadi baharini yalikoanzia. Gari lake liliacha njia kwenye kona ya kanisa la Santa Giusta, mbele ya watu waliomjua tangu utotoni. Gesualdo alilinyoosha chuma kwa chuma msimu wote wa baridi. Agosti ilipokaribia tena, likapewa Nevio, dereva wa akiba, ambaye miaka yote alishika saa wakati mwenzake akishika usukani.

Nevio alirithi gari. Alirithi namba iliyochorwa ubavuni. Na, jambo ambalo kijiji kilikuwa hakijui, alikuwa karibu kumrithi mjane.

Mjane huyo, Ersilia, alikuwa bado katika nguo nyeusi. Ndiye aliyejaza kiti. Kiti cha gari la mbio hushonwa kwa kipimo cha dereva, kama suti, na Nevio alikuwa mfupi. Ndani ya kiti cha marehemu alizama hadi kidevuni. Ersilia, ambaye sindano haikumtoka mkononi, alileta gunia la sufu akakishona upya.

"Sufu safi hiyo?" Gesualdo alimuuliza.

"Ya kondoo wa mjomba," alijibu, macho yakiwa kwenye sindano.

Siku ya kwanza ya mazoezi katika kiti hicho kipya, Nevio alirudi anatetemeka.

"Mzee, kiti kinanibana."

"Umekula mishikaki mingi."

"Sifanyi mzaha. Kwenye kona ya kanisa nilitaka kufunga breki. Mguu ukakataa. Usukani ukageuka kabla ya mkono wangu, Mzee. Ukageuka vizuri kuliko ninavyojua kuugeuza mimi."

Gesualdo alimtazama, akataka kumwambia habari ya joto, akaona tabasamu likichipuka chini ya vumbi usoni mwake. Akarudi kwenye spana zake.

Baani jioni ile walimpokea kwa makofi. Wiki nzima walikuwa wakimtania kwamba anapita kanisani kama bibi anayekwenda misa.

"Nevio! Leo umepita kama Duilio!"

"Duilio mwenyewe! Nilifumba macho, nikasikia gari lake lile lile!"

Nevio akainua glasi akacheka, kisha akaiweka chini bila kunywa. Miaka yote alikuwa ameomba kushangiliwa. Sasa ameshangiliwa, na jina likawa la mwingine. Akamchukia marehemu kwa hilo, kisha, akiwa njiani kurudi nyumbani, akatamani kesho ifike upesi, akae tena katika kiti kile, abanwe tena.

Kesho yake alikuwa na kasi zaidi. Na alikuwa na kijiti cheusi katikati ya meno.

"Tangu lini unatafuna hicho?" Ersilia aliuliza. Ilikuwa saa ya usingizi wa mchana, saa ambayo kijiji hufunga vibao vya madirisha na hata mbwa hawabweki. Nevio alikuwa ameingia kwake kwa mlango wa nyuma, kama alivyozoea. Jikoni kulikuwa na giza la kijivu, na tambi na maharage yakipoa mezani.

"Tangu zamani," Nevio alisema.

Hakuketi kwenye kiti chake. Alizunguka meza, akaenda kuketi mwisho wa meza, mahali pa mwenye nyumba, ambapo hapakukaliwa na mtu mwaka mzima, akanyoosha miguu ambayo ilionekana, katika giza lile la mchana, kuwa mirefu kupita miguu ya Nevio, akauinamisha uso wake pembeni kama mtu anayesikiliza injini, na kwa sauti nzito, tulivu, sauti ambayo Ersilia alikuwa ameitupia udongo kwa mkono wake mwenyewe, akasema:

"Shomoro. Mbona umevua pete yangu?"

Hakuna aliyemwita Shomoro ila mmoja. Jina lile halikuwahi kutoka nje ya chumba chao cha kulala.

"Nevio," alinong'ona. "Nevio, nitazame."

Nevio akapepesa macho. Akauona mkono wake umeshika kisu cha mkate, akakiweka mezani polepole.

"Nimelala kidogo?" akauliza. "Nilikuwa naota niko kwenye kona."

Alfajiri ya Jumapili, siku ya mashindano, Ersilia alikwenda kwa Bibi Concezia, aliyekuwa akiwaondolea watu kijicho, yaani jicho la husuda, kwa sahani ya maji na mafuta ya zeituni. Kikongwe yule hakumuuliza chochote. Alidondosha mafuta. Matone yakakimbiana hadi ukingoni mwa sahani, yakashikana mikono, yakafanya duara lenye pengo dogo.

"Binti yangu," alisema chini kwa chini, "mtu wako amekalia nini cha marehemu?"

Ersilia akalia kwanza, ndipo akasema. Sufu ya kiti ilikuwa ya godoro. Godoro alilotoka nalo kwao alipoolewa, alilolalia na Duilio. Kila mwanamke wa kijiji anajua kwamba godoro la marehemu hufumuliwa, sufu ikaoshwa kwa maji yanayotembea, ikaanikwa juani, ikachambuliwa, ndipo mtu mwingine ailalie. Lakini pa kuoshea ni mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ya kufulia, mbele ya wanawake wote. Mjane anayeosha godoro anatangaza kwamba msiba umekwisha na kitanda kina mgeni.

"Niliogopa maneno yao, Bibi. Nikaitia kitini vile vile."

"Na jasho lake ndani. Na ndoto zake." Bibi Concezia alijipiga ishara ya msalaba. "Nisikilize. Mtu akifa na wivu, roho huenda zake, wivu hubaki. Ukipata mahali pa kulala, hukua, hupata mikono. Wenye vitabu wana majina yao. Mimi naliita jini. Sasa hivi linasokota sufu kuwa pete, humo humo kitini. Pete ikikutana ncha, mwanamume huyo ni maiti."

"Nifanye nini?"

"Itoe. Kisha ioshe pale pale ulipoogopa, waziwazi, umuage marehemu kwa mdomo wako. Kuitoa bila kuiosha hakutoshi, itamfuata. Na Ersilia, hata uzi mmoja usibaki kwako."

Alipofika gereji, lori la kulivuta gari lilikuwa linaunguruma. Nevio amevaa ovaroli nyeupe, miwani ya upepo juu ya kofia.

"Fumueni kiti," Ersilia alisema akihema, mkasi mkononi. "Mzee Gesualdo, nilikudanganya. Ni sufu ya godoro la Duilio."

Fundi mzee akavua kofia yake. Lakini Nevio akasimama mbele ya gari kama mtu anayezuia mlango wa chumba.

"Usikiguse!"

"Kitakuua."

"Najua! Unadhani sijui ni nani ananishika kiuno kila kona?" Sauti ilimkatika, ikawa ya mtoto. "Bila kiti hiki mimi ni nani? Mshika saa. Baani wamenishangilia mimi."

"Baani wamemshangilia yeye, mpenzi wangu. Na wewe ulisikia."

Midomo ya Nevio ilikuwa inatafuna ingawa haikuwa na kitu. Ndipo Gesualdo akamshika mabega, kwa mikono iliyonyoosha chuma msimu mzima. "Mwanangu, nimeshaokota dereva mmoja kwenye kona ile. Sina nguvu ya wa pili." Akamsogeza kando, naye akasogea.

Mkasi ukaingia. Ngozi ikapumua, harufu ya mzizi mtamu ikawapiga usoni, nzito, yenye joto. Sufu haikuwa imetawanyika kama alivyoijaza. Ilikuwa imesokotwa kuwa kamba, na kamba imejikunja kuwa pete nene kama kiuno cha mtu, na ndani ya msokoto nywele nyeusi za Ersilia zimesukwa pamoja na nywele za Nevio za rangi ya majani makavu. Baina ya ncha na ncha palibaki upana wa kidole.

Gesualdo akavua koti lake, akalikunja, akalitia ndani ya kiti. "Utakaa juu ya koti langu," akamwambia Nevio. "Linanuka vitunguu, lakini ni la mtu aliye hai."

Magari yalipoondoka baharini, Ersilia alikuwa anateremka kwenye chemchemi ya kufulia, chini ya ukuta wa kanisa, gunia begani. Wanawake wote walikuwa pale, wamekalia ukingo wa birika kwa nguo zao za sikukuu, wakingoja magari yapite juu yao.

"Ersilia! Kufua Jumapili? Utamwambia nini padri?"

"Hiyo si sufu ya godoro hiyo?" akasema mwingine, polepole, na vicheko vikazimika kimoja kimoja.

Akaingia majini na viatu vyake. Mlio wa injini ulikuwa umeanza kusikika bondeni, mwembamba kama mbu, kisha mnene, ukipanda, na yeye akaizamisha sufu, nayo ikakataa kuzama, ikamsukuma mikono kama kifua cha mtu anayezamishwa, maji yakawa meusi, yakanuka, na mlio ukakaribia kona, na akajua kwamba Nevio yuko ndani ya mlio ule, mguu wake ukitafuta breki, na akapaza sauti mbele ya wote:

"Duilio! Nimekulilia mwaka mzima. Sasa nina mtu. Nitaolewa naye Septemba. Kitanda si chako tena. Nenda!"

Juu ya vichwa vyao tairi zikalia. Vumbi likaanguka birikani. Gari jekundu likapita kona ya kanisa polepole, taratibu, kama bibi anayekwenda misa, na vijana juu ya ukuta wakazomea kwa raha zao zote: "Nevio! Shuka ulisukume!"

Ersilia akacheka huku analia. Sufu ikalegea mikononi mwake, ikawa sufu tu. Mwanamke mmoja akavua viatu akaingia kumsaidia kukamua, kisha wa pili.

Nevio alimaliza nyuma ya wengi. Jioni alipanda kijijini kwa miguu, mweusi kwa mafuta, akamkumbatia hadharani, mbele ya baa nzima, na watu wakapiga miluzi. Harufu yake ilikuwa ya petroli na vitunguu vya Gesualdo.

"Umeiosha yote?" alimuuliza sikioni.

"Yote," Ersilia alisema.

Alikuwa amebakiza kibonge kimoja. Kidogo tu, kama yai la njiwa. Kilimshika kwenye vidole alipokuwa anaizamisha, kikanuka vile shingo ya Duilio ilivyonuka asubuhi za Jumapili, na mkono wake, bila kumuuliza, ukakichomeka kifuani. Kwani wivu ulikuwa wa marehemu peke yake? Naye hakutaka maji yampeleke Duilio kwa mwingine, hata kama mwingine ni bahari.

Sasa, kichwa chake kikiwa begani mwa Nevio, alisikia joto pale kifuani. Joto la mahali palipokaliwa.

Kisha kile kibonge kikajinyoosha. Taratibu, kwa subira ya mume aliyefika nyumbani, kikaanza kuuzunguka moyo wake, kikiitafuta ncha yake.