Theluji Isiyokanyagwa

Kila siku saa nane mchana, Marlys Tollefson alivuka barabara kwenda kumwona mumewe, Orville, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Orville alikuwa amesahau mengi, lakini saa ya kuja mkewe hakuisahau.

Pale kwenye kona kuna ndoo ya vibendera. Mvukaji huchukua kimoja, hukipunga ili madereva wamwone, kisha hukiacha kwenye ndoo ya ng'ambo. Mji wetu huu mdogo wa Minnesota ulijivunia vibendera hivyo kweli kweli. Lakini Januari moja gari lilikata kona mbio, likaondoka na kibendera cha Marlys. Mkono ulibaki, namshukuru Mungu.

Binti yake, Janelle, alikuja juu. "Mama, basi! Utakwenda Jumapili tu, nikupeleke kwa gari."

"Na siku sita baba yako akae akimngoja nani?"

Jirani yao Verna Skaar alikuwa hapo nyumbani kwa Marlys akinywa kahawa. Kwa miaka thelathini alikuwa akichora ramani za barabara za wilaya. Alisimama. "Vaeni makoti. Njooni mwone."

Theluji ilikuwa imeanguka asubuhi. Magurudumu yalikuwa yamepita katikati tu. Pembeni mwa kona, theluji ilikuwa nyeupe, haijakanyagwa.

"Mnaona? Magari yakienda polepole hayahitaji kona yote hii," Verna alisema. "Kona pana inamruhusu dereva kukata bila kupunguza mwendo. Tukiibana, atapunguza tu, atake asitake. Na wewe Marlys utavuka kwa hatua chache."

"Mjinga gani aliipanua?" Janelle aliuliza.

"Mimi. Nilidhani upana ndio usalama."

Marlys akamshika Verna mkono. "Haya, uliyeharibu ndiwe utakayetengeneza."

Verna alipiga picha ya ile theluji, akaipeleka kwenye halmashauri ya mji. Walibishana sana. Mmoja aliuliza gari la zimamoto litapitaje. Verna alipima mbele yao, wakaona linapita.

Aprili, mapipa ya mchanga yalipangwa kwa majaribio palepale theluji ilipokuwa haijakanyagwa. Waendesha baiskeli nao walichorewa njia yao. Madereva walinung'unika, lakini walipunguza mwendo. Kufikia Oktoba, mapipa yaliondolewa, ukajengwa ukingo wa saruji.

Siku ukingo ulipokamilika, Marlys hakuchukua kibendera, akavuka taratibu. Orville alikuwa dirishani, akitazama saa.

"Leo umewahi," alisema.

"Njia imefupika," Marlys akamjibu, akavua koti.